Niliuza fidla ili nijulikane

Aprili 2016 niliuza fidla yangu kwa shilingi 380,000. Fedha ile sikununulia chakula wala sikulipia kodi ya chumba. Ilikwenda kwenye viatu, miwani ya jua na gari jeupe la kukodi kwa nusu siku, vitu ambavyo nilitakiwa nionekane navyo kwenye video ya wimbo wangu wa kwanza. Aliyeinunua alikuwa fundi wa magitaa Kariakoo. Aliifungua, akaigonga mgongoni kwa kidole, akasikiliza, kisha akaniuliza, "Una hakika, mdogo wangu?" Nikamwambia nina hakika.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita kijana wa mtaani kwetu, mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, mzuri kuliko umri wake, alikuja kuniomba namba ya prodyuza yeyote wa Dar es Salaam. Tulikaa barazani mpaka ikaadhiniwa isha, nikamsimulia nilikopita. Alipoondoka nikafikiri kwamba wako vijana wengi wasiokuwa na baraza kama ile ya kukaa na mtu aliyekwishakwenda akarudi. Basi haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mawili matatu ambayo usiku ule niliona haya kuyatamka.

Nimezaliwa Kwahani, Unguja, mwaka 1990. Fidla nilianza nikiwa na miaka 13, kwa mzee ambaye mpaka leo namwita Maalim tu. Mchana alikuwa mtu wa bandarini, usiku akipiga taarab. Alinifundisha kwenye ukumbi wa nyumba yake Kikwajuni, jioni tatu kwa wiki, bila malipo, na sharti lake lilikuwa moja: nisije na kucha ndefu. Miezi minne ya mwanzo sikupiga wimbo wowote. Nilivuta upinde kwenye waya mmoja, kwenda na kurudi, yeye amefumba macho na kikombe cha kahawa mkononi. Nikikosea hasemi kitu, ila kikombe husimama njiani kabla hakijafika mdomoni.

Asiyewahi kuishika fidla huenda hajui kwamba haina alama inayokuonyesha kidole kikae wapi. Gitaa lina vizuizi, kinanda kina vitufe, lakini fidla hukuachia sikio lako na kumbukumbu ya mkono. Na taarab yetu imelelewa na muziki wa Misri. Inasimuliwa kwamba Sultani Sayyid Barghash ndiye aliyempeleka Mohammed Ibrahim Cairo kujifunza kanuni, na ilipofika 1905 vijana wa mjini wakaanzisha Nadi Ikhwani Safaa, kikundi ambacho mpaka leo kiko hai. Kwa asili hiyo tunazo sauti ambazo kwenye kinanda cha kawaida hazina nyumba. Maqamu, yaani mpangilio wa sauti, ya bayati, kwa mfano, sauti yake ya pili hukaa katikati ya vitufe viwili. Ukiikosa kwa unywele mmoja, wimbo wa majonzi unakuwa wimbo wa mtu mwenye mafua. Ilinichukua karibu miaka miwili kuipata bila kubahatisha. Siku niliyoipata, Maalim alikunywa kahawa yake mpaka mwisho.

Nilipofika miaka 20 nilikuwa nimekwishaingia kikundi cha taarab. Mchana nikiuza vifaa vya umeme kwenye duka la mjomba wangu Darajani na kujifunza kazi ya kutandika waya majumbani. Harusi moja ilinipa 20,000, mara nyengine 30,000. Kila Alhamisi tulipiga hotelini kwa wageni, 25,000 kwa mtu. Sikuwa tajiri, lakini sikuwa na deni la mtu yeyote, na nilikuwa naendelea kujifunza.

Novemba 2015 mgeni mmoja pale hotelini alinirekodi kwa simu, dakika mbili na kitu, akaiweka Facebook. Kwa wiki moja iliangaliwa zaidi ya mara 40,000. Nataka nieleze hali ile kwa ukweli, kwa sababu ndiyo mlango wenyewe. Ilikuwa tamu. Nilikuwa naamka saa nane za usiku kuangalia namba imefika wapi. Watu nisiowajua waliniita fundi, waliniita hazina ya taifa. Kwa miaka 12 Maalim hakuwahi kunisifu kwa maneno, na hapa kwa wiki moja nimemwagiwa sifa za maisha mazima.

Laiti ningezisoma kwa utulivu zile sifa. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba pale katikati ulivyotoka kwenye maqamu ya rasti kuingia bayati umetoka vizuri. Walitaja macho yangu, kofia yangu, bahari iliyokuwa nyuma, na jinsi ninavyofumba macho ninapopiga. Walikuwa wamependa picha. Mimi nikaelewa kwamba wamenipenda mimi, na kutoka hapo nikafika kwenye wazo ambalo sasa linanitisha: kwamba fidla ndiyo inayonichelewesha. Nikiwa mbele, na sauti yangu, na jina langu, nitafika mbali zaidi kuliko nikiwa nimekaa kwenye kiti safu ya pili ya wapigaji.

Machi 2016 nikapanda boti. Kikundi kilikuwa kimebakisha siku tisa kabla ya onyesho, na bashrafu mbili, vipande vya ala bila kuimba, zilinitegemea. Maalim nilimtumia ujumbe wa simu boti ilipokwishatoka bandarini. Hakunijibu.

Dar es Salaam nilipanga chumba Sinza, 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba akataka ya miezi sita kwa mkupuo. Akiba yangu karibu nusu ikaishia siku ya kwanza. Prodyuza niliyempata alikuwa mtu hodari katika kazi yake, na sitaki asomeke vibaya hapa. Alinisikiliza nikipiga fidla, akatikisa kichwa kwa kuipenda, kisha akasema ukweli wake: hii haitatrendi, inatakiwa ngoma ichezeke klabu. Akabonyeza kitufe kwenye kompyuta, zikatoka fidla kumi kwa pamoja, safi, hazina mkwaruzo. Nikaona mwenyewe hakuna haja ya kubeba sanduku. Ndiyo maana mwezi uliofuata fidla ikaenda Kariakoo.

Fedha zilivyokwenda nitazitaja kama zilivyo, kwa sababu mimi hakuna aliyenitajia. Niliziandika kwenye daftari tangu mwanzo, tabia ya dukani kwa mjomba. Studio nilirekodi nyimbo sita, 300,000 kila mmoja. Video zilikuwa mbili: ya kwanza 3,500,000, ya pili tulibana ikawa 1,800,000. Mavazi na viatu 1,400,000, kwa sababu ukivaa shati kwenye picha moja huwezi kulirudia kwenye nyengine. Redioni na kwa madijei 1,650,000. Hapo hakuna anayekuja akasema nilipe. Anasema "ya soda", anasema "ya vocha", na wewe unaelewa. Usipoelewa, wimbo wako unakaa. Watazamaji na wafuasi wa kununua 750,000. Jumla ni 10,900,000, chumba na chakula havimo. Kilichoingia kutokana na maonyesho kwa miaka hiyo yote karibu mitatu kilikuwa 1,270,000.

Hao watazamaji wa kununua nitawaeleza kidogo, maana naona bado watu wanaingia. Kijana mmoja alinitumia bei kwa WhatsApp: watazamaji laki moja kwa 250,000. Wimbo wangu ulikuwa na watazamaji 1,900. Kesho yake asubuhi ulikuwa umepita 80,000. Maoni chini yake yalikuwa 14, na tisa yalitoka Kwahani. Kwa siku mbili niliyaamini macho yangu, jambo ambalo hata leo sielewi vizuri liliwezekanaje, kwa sababu risiti niliyolipia nilikuwa nayo mfukoni. Baadaye YouTube wakapunguza namba ile wenyewe. Na mwaka 2018 walipobadilisha masharti, kwamba chaneli ili iingize fedha za matangazo iwe na watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, yangu ilikuwa na watu 612, na saa sijui hata kama zilifika mia tatu. Mtazamaji wa kununua hakai. Hana masikio.

Lakini hasara kubwa haikuwa hiyo 250,000. Kuna mwandaaji wa maonyesho Morogoro aliiona namba ile, akanipigia simu, akakodi ukumbi, akachapisha mabango. Walikuja kama watu 60. Kibwagizo changu hakuna aliyekijua. Nilisimama jukwaani nikimuona yule bwana kule mlangoni akizihesabu tiketi mara ya pili na ya tatu, kama huenda amekosea. Alinilipa tuliyokubaliana, kwa heshima, na mimi nikaipokea. Namba niliyoinunua ilikuwa imemdanganya na yeye, na aliyelipa ni yeye. Nilikuja kumrudishia fedha yake mwaka 2020. Alikuwa amekwishaacha kazi ile.

Mwaka 2017 nikasaini mkataba na kampuni moja ya muziki. Kurasa 11 za Kiingereza, nikasaini juu ya boneti la gari saa saba za usiku, baada ya onyesho, huku mtu akinimulikia kwa simu. Kiingereza changu ni cha skuli. Nilisoma mahali palipoandikwa asilimia 30 yangu na mahali pa kuweka jina. Sikusoma kwamba asilimia hiyo inaanza kuhesabiwa baada ya kampuni kurudisha gharama zake zote, na kwamba gharama hizo inazipanga yenyewe. Sikusoma kwamba rekodi ni zao. Sikusoma kwamba hata jina la jukwaani ni lao, na ndiyo sababu hulioni hapa. Baadaye nilimlipa wakili 100,000 anieleze nilichokisaini. Angenieleza kwa bei hiyohiyo kabla sijasaini.

Kwa hiyo, wewe uliyepewa karatasi: omba ikae kwako wiki moja. Mwenye nia njema hatakataa, na akikataa umekwishajua unaloshughulika nalo. Omba iwe kwa Kiswahili, au umtafute wa kukufasiria neno kwa neno. Uliza rekodi ni za nani mkataba ukiisha, jina ni la nani, ni miaka mingapi, na gharama gani zinakatwa kabla ya fungu lako na nani anazikagua. Na kazi yako kaisajili mapema kwa wasimamizi wa hakimiliki, Bara kwa COSOTA, kwetu Zanzibar kwa COSOZA. Mimi nyimbo zangu sita sikusajili hata moja. Nilikuwa sina nafasi, nilikuwa nashughulika kujulikana.

Sasa nafika kwenye lile ninaloona haya.

Agosti 2017 wimbo mpya ulikuwa unatoka na hakuna aliyekuwa akiuzungumza. Meneja akasema tunahitaji kiki, kisa cha kuwafanya watu wanizungumze. Kiki za mapenzi zimechosha watu, akasema, na ugomvi unataka msanii mkubwa wa kugombana naye. Iliyobaki ni ajali. Nilicheka, nikidhani ni maneno. Asubuhi yake akaweka mtandaoni picha ya gari lililopondeka, gari la mtu mwengine kabisa, akaandika kwamba msanii wake yuko mahututi, Watanzania wamuombee. Aliniambia nizime simu kwa siku mbili. Nikaizima. Ningeweza kukataa. Ningeweza kumpigia mama kabla ya kuizima, dakika moja tu. Niliogopa atamwambia jirani, jirani atasema kwa watu, na kiki itaharibika. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu: kwamba mama ataharibu.

Mama anauza visheti na vileja. Habari ilimfikia saa tatu, kwa mtoto wa jirani mwenye simu. Alikopa laki moja kwenye kikoba chao, akapika supu ya kuku akaitia kwenye chupa ya chai, akapanda boti ya mchana. Alikuwa na namba ya rafiki yangu niliyekuwa nikikaa naye Sinza. Alipogonga mlango nilifungua mimi, nimevaa bukta, natoka usingizini.

Hakupiga kelele. Alinishika kichwa, akanishika mabega, mikono, akanipapasa mbavu, kama anavyofanywa mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni. Akanitazama miguu. Kisha akakaa kitandani na baibui lake, akafungua ile chupa, akanimiminia supu. Akangoja mpaka nikaimaliza. Ndipo akauliza, "Nani mwengine anajua kama ni uwongo?" Nikamwambia meneja, na mwenzangu huyu. Akasema, "Maalim wako leo asubuhi amewaita watu msikitini wakakusomea dua. Usimwambie. Mimi pia sitamwambia." Akalala kwenye mkeka, akarudi na boti ya asubuhi.

Wimbo ule ulipanda kwa siku tisa. Nilihesabu. Siku ya kumi watu walikuwa wakizungumza jambo jengine.

Nimelifikiria sana jambo lile, na nililolifahamu ni hili. Mtu anayefanya kazi, iwe kupiga fidla au kutandika waya, ana kitu nje yake cha kumrekebisha. Waya ukifungwa vibaya taa haiwaki. Bayati ikikosewa kikombe kinasimama. Lakini anayetafuta kujulikana hana kitu cha kumwambia hapo umekosea, kwa sababu kipimo chake ni kimoja, nimeonekana au sikuonekana, na kwa kipimo hicho ajali ya uongo ni kazi nzuri. Ilifanikiwa. Ndiyo maana sikuiona ubaya wake mpaka ilipokuja kukaa kitandani kwangu imevaa baibui.

Hata hivyo sikurudi mara ile. Nataka niseme hilo pia, kwa sababu simulizi nyingi humfanya mtu aonekane ameamka siku moja. Nilikaa mwaka mwengine mzima na miezi kadhaa. Nilikuwa nimekwishatumia fedha nyingi mno, na kila nikifikiri kuacha nilikuwa naona labda wimbo unaofuata ndio. Deni lilinishika kuliko tamaa.

Kilichonirudisha ni harusi ya binti wa mama mdogo, Desemba 2018, Mwembetanga. Nikaombwa kuimba wimbo wangu, nikatoa flashi nikampa mtu wa spika. Nilikuwa sijafika ubeti wa pili umeme ukakatika mtaa mzima. Nikasimama na maiki iliyokufa mkononi. Sikuweza kuendelea, kwa sababu wimbo wenyewe bila ule mdundo wa kompyuta haukuwa na kitu ndani ya kushikilia. Nilijaribu kuuimba mtupu ukanikatikia mdomoni. Wazee wa kikundi walikuwa wamealikwa, wamekuja na ala zao. Wakawasha taa za simu, mmoja akashika dumbaki, mmoja udi, na watu wakaanza kuitikia, wanawake wakaanza kupita mbele kutunza. Mpiga fidla alikuwa na mtoto mgonjwa, akataka kuondoka, akaninyooshea fidla yake mbele ya watu wote, kwa nia njema tu.

Niliipokea. Ulikuwa wimbo ninaoujua tangu nina miaka 15, wa bayati. Nikaweka kidole pale. Hapakuwa pale. Nikasogeza, nikapita. Ncha za vidole zilikuwa zimelainika, sugu zote zimekwisha, waya uliniuma kama siku ya kwanza. Nilipiga kimyakimya mpaka mwisho, upinde haugusi vizuri, nikijifanya sauti imemezwa na ngoma. Maalim alikuwa amekaa kiti cha tatu. Sikumtazama.

Januari 2019 nikarudi Unguja na begi moja na deni la 2,300,000. Kurudi nako kuna namna yake, na hapa naweza kusema mawili. Kwanza, nenda kwa watu uliowakosea kabla ya kwenda kwa marafiki, kwa sababu ukianza na marafiki watakupa maneno mazuri na utapoza moyo bila ya kufanya lolote. Nilianza kwa mama, nikalipa laki yake ya kikoba na faida yake. Pili, shika kazi yoyote unayoiweza haraka. Mjomba alinipokea dukani siku ya tatu bila ya kunihoji. Nilitandika waya Fuoni, Mwanakwerekwe, Bububu, mpaka kwenye nyumba za watu waliokuwa wakinitambua kutoka mitandaoni na kuniuliza imekuwaje. Mwanzo swali lile lilinichoma. Baada ya kama mwezi nikagundua wanauliza huku wakingoja taa iwake, na ikiwaka wanasahau swali. Deni lilikwisha baada ya miezi 26.

Kwa Maalim nilichelewa wiki tatu. Nilikwenda baada ya alasiri, nikampa shikamoo, akaitikia, akanionyesha mkeka. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu. Nilimwambia yote, na ile ajali, ingawa mama alikuwa ameniambia nisimwambie, kwa sababu sikuweza kukaa kwenye ukumbi ule na dua yake juu ya kichwa changu. Alinyamaza muda. Kisha akanishika mkono wa kushoto, akautazama. "Kucha ndefu," akasema. "Kakate, uje Jumamosi."

Ilinichukua miezi 14 kuirudisha bayati.

Yule kijana mpiga kanuni aliniuliza swali zuri: sasa Maalim wako ana faida gani, miaka 50 ya fidla na hakuna anayemjua ng'ambo ya bahari? Na wale waliojulikana, wao walikosea? Nikamwambia kuhusu Siti binti Saad, ambaye jina lake sote tunalijua. Alizaliwa Fumba mwaka 1880, katika ukoo wa wafinyanzi, akiuza vyungu kwa miguu. Aliingia mjini 1911. Ile safari ya Bombay ya kurekodi santuri, inayotajwa kila anapotajwa yeye, ilikuwa 1928. Katikati hapo ni miaka 17. Miaka hiyo alikuwa anaimba kwenye nyumba za watu, anajifunza ala na namna za muziki, anasikiliza kesi na vilio vya mji na kuvitia kwenye nyimbo. Bombay ilimkuta akiwa na kitu cha kurekodi. Na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua uzeeni. Kabla na baada ya hapo alikuwa na kazi zake mwenyewe, ngoma za unyago na hina. Hakuna kati yao aliyekataa kujulikana. Ila ukiwaondolea majukwaa yote bado wana shughuli ya kufanya kesho asubuhi. Mimi Sinza uliponiondolea simu sikuwa na shughuli.

Basi sikumkataza kwenda Dar. Nilimwambia aende na kanuni yake, na asiiuze hata akilala na njaa, aje achukue nauli kwangu. Nilimwambia afanye nilichokuwa sikifanyi: kila Ijumaa aandike saa ngapi wiki ile amekaa na ala, na saa ngapi amekaa na kutafuta kuonekana, picha, simu, kungoja kwenye ofisi za watu. Wiki mbili tatu za mwanzo saa za kutafuta kuonekana zinaweza kuzidi, mji mgeni ni mji mgeni. Zikizidi miezi mitatu mfululizo, arudi, au abadilishe mtaa. Nilimwambia pia awe na mtu mmoja wa kumwambia amekosea, na mtu huyo asiwe anapata fedha kutokana naye. Akaniuliza kama namba ya prodyuza nitampa. Nikampa. Ni yuleyule wa kwangu. Ni mtu mkweli.

Mimi sasa napiga na kikundi, harusi na maonyesho, na kila Februari tamasha la muziki la Sauti za Busara likiwepo huwa napita kusikiliza. Waya natandika bado. Jioni mbili nina watoto wanne wa fidla, mmoja wao wa kike, mwenye sikio ambalo mimi sikuwa nalo. Nyuzi ndizo shida yetu kubwa, hupatikana kwa kuagiza au kwa wageni wanaotuachia, na ukikata wa juu unaweza kukaa wiki sita unasubiri.

Na nina kazi moja zaidi. Maalim macho yamepungua na masikio yameanza, lakini ana nyimbo na bashrafu kichwani ambazo hazikuandikwa popote, nyengine alizipokea kwa wazee waliozipokea kwa wazee. Tunakaa, ananiimbia puani, mimi napiga, ananirekebisha, ikikaa sawa naiandika kwa noti na kuirekodi kwa simu. Hatuziweki mtandaoni bado. Ametaka kwanza zitimie. Jana tumefika ya 41. Ina sehemu tatu, na ya pili imempotea. Alifumba macho, akatafuta, kikombe kimesimama njiani, akakiweka chini. Akasema nirudi Alhamisi, huwa inamjia akiwa anatia udhu.